Mwanangu, uhuru hatukupewa bure

Mwanangu mpenzi,

Tangu uliponiambia kwenye simu kwamba Tanganyika ilipewa uhuru bila jasho kwa kuwa haikupigana, neno lile halijanitoka moyoni. Limeniuma, sikufichi.

Kupigana, tulipigana. Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891. Vita vya Maji Maji vikaanza 1905. Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, na walionusurika risasi wakamalizwa na njaa. Waliounda chama cha TANU, kilichodai uhuru, tarehe 7 Julai 1954 walikuwa wana na wajukuu wa watu hao. Hawakuchagua maneno kwa woga.

Ninayemfikiria zaidi ni Bibi Titi Mohamed. Alikuwa mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam, na shule alisoma miaka michache tu. Mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, maana wao watu walikuwa nao tayari. Watumishi wa serikali walikatazwa siasa. Babu yako, karani, alinyamaza kulinda mkate wa watoto. Bibi yako, aliyekuwa hana mwajiri, akaenda kukata kadi.

Halafu ikaja kura tatu. Waingereza walitaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, katika nchi ambayo karibu watu wote ni Waafrika! Na kupiga kura kwenyewe kulidai elimu, kipato au kazi ambavyo wengi hawakuwa navyo. Lilikuwa tusi. Kwenye mkutano wa TANU kule Tabora, Januari 1958, wajumbe wengi walitaka kususia uchaguzi huo, Nyerere, kiongozi wa chama, akawasihi waingie hivyo hivyo. Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka kuunda chama chake. Simlaumu, hasira yake ilikuwa ya haki. Lakini kumeza tusi kama lile mbele ya watu wako, ukijua wengine watakuita msaliti, mimi nahesabu kuwa ni vita. TANU iliwaunga mkono hata Wazungu na Waasia waliokubaliana nayo, na wagombea wake wakashinda. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza ilikuwa imeshashuka.

Kadi ya bibi yako ninayo, nimeifunga kwenye kanga yake. Hakujua kusoma kilichoandikwa juu yake. Ukija likizo utanisomea.

Mama yako