Miaka mitatu ya kufundisha isihesabiwe sifuri

Ndugu Mhariri,

Naandika kutoka Louisville, Kentucky, ambako nafundisha Kiingereza watoto wa wahamiaji. Wamo waliozaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma, na asubuhi wakiniamkia "shikamoo mwalimu" nasahau kama niko ughaibuni. Kazi hii naipenda, ndiyo maana naumia nikiona masharti ya ufadhili wa TEACH Grant yanavyowatendea walimu.

Ufadhili huo ulianzishwa na sheria ya mwaka 2007. Serikali kuu ya Marekani humpa anayesomea ualimu hadi dola 4,000 kwa mwaka. Naye hutia saini kwamba, ndani ya miaka minane baada ya chuo, atafundisha miaka minne katika shule ya watoto wa familia maskini, tena somo lenye upungufu wa walimu, kama hisabati, sayansi au Kiingereza kwa wageni. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu uko kwenye kinachofuata. Mwalimu asipotimiza minne, fedha zote hugeuka mkopo, na riba huhesabiwa tangu siku zilipotolewa. Aliyefundisha miaka mitatu anadaiwa sawasawa na yule ambaye hakuwahi kushika chaki.

Mwenzangu mmoja alichukua karibu dola 8,000. Alifundisha Kiingereza kwa wageni miaka mitatu, kisha mkuu wa shule akamhamishia darasa la tatu la kawaida kwa sababu mwalimu wake alikuwa ameacha kazi. Angekataa vipi? Shule ni ileile, watoto ni walewale maskini, lakini somo halikuwa tena lile la mkataba. Nafasi nyingine ikakosekana hadi miaka minane ikaisha. Leo analipa kila kitu, na riba juu.

Wapo watakaosema alisaini mwenyewe. Kweli, alisaini akiwa na miaka 19, bila kujua ni mkuu gani wa shule atakayempangia vipindi.

Mwaka 2018 vyombo vya habari vilifichua walimu waliogeuziwa ufadhili kuwa mkopo kwa kuchelewesha fomu tu, na wizara ya elimu ikakubali kupitia upya kesi zao. Kanuni mpya za Julai 2021 zikalegeza mambo ya makaratasi. Nashukuru kwa hilo, ila hesabu ya miaka haikuguswa.

Wala si kwamba serikali hiyo haijui kupunguza deni kidogo kidogo. Mikopo ya Perkins, ya serikali kuu kwa wanafunzi wa vyuo, iliyokoma kutolewa mwaka 2017, ilimfutia mwalimu wa shule kama hizi asilimia 15 mwaka wa kwanza na wa pili, 20 wa tatu na wa nne, na 30 wa tano. Basi TEACH Grant nayo ifute robo kwa kila mwaka uliofundishwa, na riba ianze siku ufadhili unapogeuka mkopo, si kabla.

Wazazi wenzangu mlio huku, mtoto akileta mkataba huo nyumbani, kaeni naye mumfafanulie kifungu hicho kwa Kiswahili kabla hajashika kalamu. Kisha mwandikieni mbunge wenu. Mimi wangu nimeshamwandikia.

Mwalimu,
Louisville, Kentucky