Mheshimiwa Mbunge, kichupa hiki hakina hata herufi moja

Mheshimiwa Mbunge wetu wa Lubumbashi,

Mimi ni mama wa Katuba, nakuandikia kuhusu bangi ya tiba. Kitinda mimba wangu, miaka 6, ana kifafa tangu akiwa mchanga. Fenobarbitali, dawa yake ya kifafa, anakunywa, siruki siku, na bado kuna usiku anaanguka mara nne.

Mwezi uliopita jirani aliniletea kichupa kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Zamani kilikuwa cha dawa ya macho; sasa kina mafuta ya kijani, mazito, yananuka majani yaliyooza. "Ni ya bangi, mama. Matone mawili chini ya ulimi." Matone mawili yenye nguvu gani? Nani ameyapima? Nikakigeuzageuza, hakuna maandishi. Nikakiweka juu ya kabati.

Jirani zetu wa Zambia wana sheria ya bangi ya tiba tangu 2021. Marekani mwaka 2018 iliruhusu Epidiolex, dawa ya maji ya kanabidioli, ile sehemu ya bangi isiyolewesha, kwa aina mbili za kifafa sugu. Desemba 2020, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa bangi kwenye orodha kali zaidi ya mkataba wa 1961, kwa kura 27 dhidi ya 25. Kura mbili tu, najua. Hata wakubwa wanabishana.

Kwetu Kongo bangi ni bangi, ya mvutaji wa nyuma ya soko na ya mtoto wa degedege. Lakini morfini nayo inatoka kwenye afyuni, na hakuna anayemwita munganga wa hospitali mlevi akimwandikia mgonjwa wa kansa. Inafungiwa kabatini, inahesabiwa, inatiwa sahihi. Basi na hii ifanyiwe vivyo hivyo.

Siombi iuzwe barabarani. Nina vijana wawili wakubwa nyumbani, nawaogopea. (Mchungaji wetu anasema ni mmea wa shetani, tumebishana, tutabishana tena.) Naomba dawa iliyopimwa, ordonansi, yaani karatasi ya dawa ya munganga, farmasi yenye mlango unaojulikana. Leo sheria imemzuia mwenye farmasi. Muuza kichupa anapita nyumba kwa nyumba.

Kikao cha Bunge kinafunguliwa tarehe 15 Machi. Beba swali hili ukipanda ndege ya Kinshasa. Kichupa bado kiko juu ya kabati, na jana usiku, mtoto alipoanguka mara ya tatu, nilisogeza kiti.

Mama wa Katuba