Siku ya mahafali tuuze matobolwa na karanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wajumbe wenzangu wa kamati za shule, hasa wa hapa Tabora, kabla msimu wa mahafali haujafika.

Septemba iliyopita shule yetu ilikuwa inatafuta fedha za madawati. Kama kawaida, tukaamua kuuza vitu siku ya mahafali ya darasa la saba: soda, biskuti na barafu za rangi. Mimi niliwekwa kwenye deli la barafu. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza alinijia mara nne, kila mara na mia yake mkononi. Mara ya nne alikuwa mwekundu mdomo mpaka kidevuni, na saa sita haijafika. Nilimuuzia. Linaniuma mpaka leo, maana darasani watoto hao hao wanafundishwa mlo kamili, halafu sisi wazazi tunawauzia maji ya sukari na rangi, tunaita mchango.

Soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hivi, nyingine zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni bora ikishuka chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja imeshapita hapo kwa mtu mzima, sembuse kitoto cha miaka saba.

Nitaambiwa soda ndiyo inaleta fedha. Kwetu haikuleta. Tulichukua kreti nane, chupa kumi na moja hazikurudi, tukazilipia, na barafu ya kupoozea tulinunua. Siku hiyo hiyo mama yangu alileta ungo mmoja wa matobolwa. Kwa wasioyajua, ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani. Utamu ni wa kiazi chenyewe, na mtoto anayatafuna kama pipi. Ungo uliisha kabla mgeni rasmi hajasimama kuhutubia. Fedha yote ikaingia kwenye madawati, hakuna chupa ya kumrudishia mtu.

Septemba karanga bado zipo majumbani. Tuzikaange na chumvi kidogo, tuzipime kwa kikombe. Ila zichambuliwe kwanza, moja moja: zilizosinyaa au zenye ukungu zitupwe, kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, ambayo kukaanga hakuimalizi. Kazi hiyo wasipewe watoto. Tuongeze mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, na ndoo ya maji safi ya kunywa. Kwa shule zenye shughuli Novemba, maembe yanakuwa yameanza, tena mengi yanaoza chini ya miti.

Asali yetu naipenda na ninajivunia, lakini tusiimwage kwenye kila kitu kwa kuwa ni ya nyumbani. Mwongozo ule ule unaihesabu pamoja na sukari.

Kikao cha kamati yetu ni mwisho wa mwezi huu. Nimeshaomba jambo hili liwe kwenye ajenda, na mama ameahidi nyungo tatu.

Mzazi na mjumbe wa kamati ya shule,
Isevya, Tabora