Kocha msaidizi si mbeba mipira

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba vyuo vya hapa Mwanza havina haja ya kumlipa kocha msaidizi, kwa kuwa kazi yake ni kupanga koni na kubeba mipira. Nimefundisha michezo katika shule za sekondari za Ilemela na Ukerewe kwa miaka 31, mingi kati ya hiyo nikiwa msaidizi, na maneno yale yameniuma.

Mfano wangu nautoa mbali, katika mchezo ambao wengi wetu huku ziwani hatujapata kuuona kwa macho, yaani hoki ya barafuni. Kijana niliyemfundisha zamani anasoma Marekani, katika jimbo la Minnesota ambako mchezo huo hupendwa kama sisi tupendavyo soka, na ndiye aliyenieleza jinsi vyuo vya huko vinavyopata wachezaji. Kocha mkuu ndiye anayehojiwa na waandishi, lakini anayekesha barabarani ni msaidizi wake, ambaye huzunguka viwanja vya Marekani na Kanada kutazama ligi za vijana, akikaa jukwaani kwenye baridi na daftari lake, akichunguza si mabao tu bali pia kijana anafanya nini anapopokonywa kile kisahani cha mpira wanachokigombea, na anakaaje benchi anapotolewa. Tangu Agosti 2025, vyuo vilipofunguliwa milango kwa wachezaji wa ligi kuu za vijana za Kanada, orodha yake imezidi kurefuka.

Hata hivyo haruhusiwi kumrukia mtoto. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, zinamkataza kuzungumza naye habari za kujiunga kabla ya Januari 1 ya mwaka wake wa 10 wa shule, na ahadi ya ufadhili husubiri hadi Agosti 1 inayofuata. Isitoshe, kijana anayetaka kucheza daraja la kwanza hana budi awe amemaliza masomo 16 ya msingi kwa wastani unaokubalika, kwa hiyo msaidizi husoma ripoti ya shule kwa makini yale yale anayotazamia mechi.

Ni kazi ya subira. Mike Cavanaugh alikuwa msaidizi katika chuo cha Boston College kwa miaka 18, chuo kikatwaa ubingwa wa taifa mwaka 2001, 2008, 2010 na 2012, ndipo mwaka 2013 akapewa timu yake mwenyewe katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Wengine hawafiki huko, maana kocha mkuu akifukuzwa, mara nyingi wasaidizi huondoka naye, na familia zao hufungasha tena.

Sasa tazama kwetu. Mwaka 2016 beki wangu wa kushoto, mtoto wa Nansio kule Ukerewe, aling'ara UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Timu moja ikamchukua akiwa kidato cha tatu, bila mtu yeyote kuuliza maendeleo yake darasani wala kukaa na mama yake. Goti lilipoumia alirudishwa kwa meli na begi lake, mtihani wa kidato cha nne umeshampita, na leo anavua dagaa usiku. Uvuvi ni kazi ya heshima, baba yangu aliifanya, lakini yule kijana hakuichagua.

Ninaviomba vyuo vyetu vyenye timu viajiri walau mtu mmoja kwa kazi hii, alipwe mshahara na apewe nauli, akae mashindano ya shule kuanzia siku ya kwanza badala ya kuja fainali, na asimchukue mwanafunzi kabla hajamaliza kidato cha nne. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, hivyo Sengerema hakuna tena kungoja kivuko. Ukerewe bado atahitaji kupanda meli, na huko ndiko ningependa aanzie.

Ninayo madaftari yangu ya UMISSETA tangu mwaka 1998, yenye majina, nafasi wanazocheza, shule na matokeo ya darasani. Atakayeajiriwa nitamkabidhi yote.

Mwalimu mstaafu wa michezo,
Nyakato, Mwanza.