Niajiriwe shuleni au nikasomee utafiti wa kumbukumbu?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni binti wa miaka 26, mkazi wa Pasua hapa Moshi, na nina shahada ya kwanza ya saikolojia. Shule moja ya bweni imenipa kazi ya ushauri nasaha na inataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Wakati huohuo nimekubaliwa kusoma uzamili, ambako nakusudia kuchunguza umakini na kumbukumbu tendaji, yaani ule uwezo wa kushika mambo machache kichwani huku ukiyafanyia kazi. Ada sijaipata.

Baba, mwalimu mstaafu aliyenisomesha kwa kiinua mgongo chake, anauliza ni nani atakayenilipa mshahara kwa kuhesabu namba anazokumbuka mtoto. Swali lake lina uzito, nami sina jibu la kumridhisha.

Hata hivyo, kila nikimtazama mama akiuza ndizi soko la Mbuyuni, moyo unakataa. Wateja watatu wakimzunguka, yeye hushika kichwani bei, idadi ya vichane na chenji ya kila mmoja, lakini mtu akimwita tu kwa nyuma, hesabu ya yule wa tatu humpotea. Mwaka 1956 mwanasaikolojia Mmarekani George Miller alikadiria kwamba mtu hushika vipande saba hivi vya taarifa kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, akasema ni kama vinne. Kwa ninavyomwona mama, namwamini Cowan.

Kinachonisumbua zaidi ni vipimo vyenyewe vya kumbukumbu. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Mwingereza Alan Baddeley na wenzake walionyesha kwamba maneno yanayochukua muda mrefu kuyatamka hukumbukwa machache. Juzi jikoni nilimsomea mdogo wangu wa darasa la tano tarakimu ili azirudie. Alifika ya tano, akaanza kuhesabu kwa vidole, akakwama. Kwa Kiingereza karibu kila tarakimu ni silabi moja, ilhali "tatu" na "tisa" zetu ni mbili. Je, mtoto huyo akilinganishwa na viwango vya Waingereza, tutakuwa tumepima akili yake au lugha yake?

Naomba waliopitia njia hii wanishauri. Nikianza kazi, je, nitaweza kurudi kwenye utafiti baada ya miaka miwili au mitatu, au ndiyo nitakuwa nimeuaga? Na baba nimweleze vipi bila kumvunjia heshima?

Msomaji,
Moshi