Masharti yasibadilishwe tukiwa njiani

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako. Mimi ni Mtanzania, nahudumia wazee hapa Uingereza. Mei 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuongeza muda wa kupata ukaazi wa kudumu kutoka miaka 5 hadi 10, na uraia huombwa baada ya hapo. Wanaokuja sasa wapangiwe, sawa. Lakini sisi tulioingia kwa ahadi ya miaka 5? Kila mwisho wa mwezi nachora alama nyekundu kwenye kalenda ya jikoni. Imebaki miezi 14. Viza zetu zinamtegemea mwajiri, kwa hiyo anayeonewa kazini hunyamaza. Tuliokwisha kuanza tuachwe tumalize kwa sharti lile lile la mwanzo.

Mhudumu wa wazee,
Leicester