Homa ya mama imepata jina

Moshi, Jumapili jioni

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Nimeona nikuandikie kwa sababu nikilisimulia jambo hili kwa simu nalia, na nataka ulielewe lote, hasa kwa ajili ya baba yako na mgongo wake.

Mama ana brusela, ugonjwa ambao watu huupata kutoka kwa mifugo. Miezi minane ya kuzunguka, na sasa homa yake imepata jina.

Unakumbuka ilivyoanza baada ya Pasaka: homa jioni, usiku jasho la kulowesha shuka, asubuhi anaamka na kufagia uwanja. Inatulia siku tatu nne, kisha inarudi. Dawa za malaria alimeza mara nne, ingawa kipimo kiliionyesha mara moja tu. Ikaja taifodi, ikaja yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mgongo ulipombana hata kuinama hawezi, tukaambiwa ni umri. Mama ana miaka 58! Lakini kilichoniumiza zaidi ni siku muuguzi mmoja aliponivuta pembeni na kuniuliza kama mama hana msongo wa mawazo tu. Mama alisikia. Tangu hapo akawa anaificha homa, anajifunika khanga na kusema hajambo.

Mwezi wa kumi na mbili shemeji alitupeleka kwa daktari bingwa mmoja, mwanamke wa makamo. Hakukimbilia vipimo. Alimwamkia mama, akasogeza kiti, akaanza upya kabisa: umekulia wapi, mjini umehamia lini, unakula nini? Hapo nikadakia, tena kwa fahari, kwamba chakula hakimpigi chenga, kila Jumamosi mjomba anatuma maziwa ya mbuzi kutoka Simanjiro, na mama anayanywa mabichi ili yamwongezee damu.

Daktari aliweka kalamu chini. "Hao mbuzi, kuna waliotupa mimba mwaka huu?"

Nikampigia mjomba palepale. "Watano, mwanangu," akasema. "Nani kakuambia?"

Wale wengine wote walimwona mama wa mjini, mpangaji wa Majengo. Nani angemfikiria mbuzi? Nasi hatukuwahi kumtaja, maana kwetu maziwa hayakuwa habari ya ugonjwa.

Kabla damu haijapelekwa, daktari alipiga simu maabara: wajikinge, kwa kuwa kijidudu hiki huambukiza hata wanaokiotesha, na wasiitupe mapema chupa ya kuoteshea damu, kwa kuwa huota polepole. Kikaota. Akatueleza kwamba zamani ugonjwa huu uliitwa homa ya Malta, ukiwasumbua wanajeshi wa Uingereza kisiwani huko. David Bruce, yuleyule aliyekuja Uganda mwaka 1903 kwa ajili ya malale, alikipata kijidudu mwaka 1887. Lakini kinatoka wapi? Miaka 18 ikapita, hadi mwaka 1905 Mmalta mmoja, Themistocles Zammit, alipopima damu ya mbuzi waliokuwa wakionekana wazima kabisa. Wanajeshi walipokatazwa maziwa ya mbuzi, homa ikapungua ghafla. Nawaza hiyo miaka 18, kijidudu kimeshajulikana na watu bado wanakamuliwa maziwa mlangoni.

Na hapa kwetu? Mwaka 2007 na 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa Moshi kwa homa. Zaidi ya nusu waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14.

Rafiki yangu, kila mama alipozidi kudhoofu, mimi ndiye niliyemwongezea glasi. Nilimwomba msamaha. Akaniambia, "Ulinipa ulichokuwa nacho," akageukia ukutani akalala. Sijui kama nimejisamehe mwenyewe.

Sasa yuko wiki ya tano ya dawa kati ya sita, doksisaiklini na rifampisini. Mkojo ulipogeuka rangi ya machungwa alishtuka, lakini ni rangi ya dawa tu. Homa imekatika, mgongo umelegea. Tumeonywa asiache hata siku moja, la sivyo hurudi.

Sasa baba yako. Anazalisha mbuzi kwa mikono mitupu, anatokwa na jasho kila usiku, mgongo mwaka mzima, na kila mahali anapewa dawa za maumivu. Huenda ni kitu kingine kabisa. Lakini mpeleke wiki hii, na ukikaa mbele ya daktari anza na mbuzi, usingoje kuulizwa. Maziwa yachemsheni hadi yafure, hata yale ya kugandisha mtindi, na watoto wasionjeshwe mabichi. Na mbuzi akitupa mimba, mtu asimguse bila glavu. Mjomba ameshamwita daktari wa mifugo.

Nitumie ujumbe mkishamwona daktari, hata ikiwa usiku. Mama anawasalimu wote, na anamwambia baba asiifiche homa.

Wako akupendaye.